Flanelografu kwenye begi la mmisionari: inafaa, ila si kila seti

Kijana anayekwenda ng'ambo kuhudumia watoto hukutana na mizani ya uwanja wa ndege kabla hajakutana na watoto wenyewe. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la kilo 23, na urefu, upana na kina chake vikijumlishwa visizidi sentimeta 158. Humo ziingie nguo, viatu, dawa, Biblia, na vifaa vya kufundishia watoto ambao huenda hata lugha yao hajaijua. Kifaa kinachopendeza dukani hakina maana kama hakistahili kilo zake. Hapa tunaipima flanelografu, yaani ubao uliovikwa flaneli pamoja na vipande vya picha vya kubandika, hasa ile seti ya kukunja inayouzwa kwa walimu wanaosafiri. Wapo wanaoicheka kwamba imepitwa na wakati. Wengi wao hawajawahi kuwasha projekta saa nne asubuhi chini ya mti.

Tuanze na kinachoshikilia vipande, maana ndipo seti mbovu inapojulikana. Flaneli imekwaruzwa upande mmoja au pande zote mbili ikabaki na vinyweleo vifupi. Felti, ambayo ndiyo ya vipande, nayo ni nyuzi zilizoshindiliwa bila kufumwa. Vikigusana, nyuzi hunasana, basi. Hakuna sumaku wala gundi. Chochote kinacholaza vile vinyweleo hupunguza mshiko: vumbi, mafuta ya vidole, pasi ya moto, gundi iliyopenya kutoka nyuma. Seti hafifu huvikwa polista laini ambayo kwenye tangazo hutaitofautisha na flaneli. Ukiipata mkononi, chukua kipande kikubwa kuliko vyote, kibandike, simamisha ubao wima kabisa, uutikise mara mbili tatu. Kipande kikiteleza, irudishe seti siku hiyohiyo. Haitapata nguvu kwa kuzoeleka, itazidi kudhoofika.

Ubao wenyewe huja kwa plaiwudi, kadibodi nene, au plastiki yenye mifereji ndani kama ile ya mabango. Wa plaiwudi ya milimita 6, wenye sentimeta 90 kwa 60, una uzito wa karibu kilo 2 kabla hujaweka chochote. Haupindi, lakini kilo mbili ni nyingi mno kwa mbao tupu. Kadibodi ni nyepesi, na hewa yenye unyevu huipinda pembe ndani ya wiki chache, hasa ikiwekwa sakafuni. Plastiki ya milimita 4 ndiyo tunayoipendekeza: kwa ukubwa uleule haifiki nusu kilo, haiogopi mvua, na ikivunjika pembe unaifunga kwa utepe. Chagua inayokunjwa mara moja tu, iwe 45 kwa 60 ikifungwa. Hapo inalala vizuri chini ya begi. Inayokunjwa mara mbili huingia hata kwenye mkoba wa mgongoni, lakini inakuletea mikunjo miwili badala ya mmoja, na mkunjo ni adui. Kipande kinachovuka mkunjo huinuka katikati, na kikishainuka kinaanguka. Dawa yake ni kutumia kitambaa cha mandhari, kile chenye anga, milima au bahari, ukitandaze juu ya ubao wote na kukibana pembeni kwa vibanio 6 vya karatasi. Mkunjo unafichika chini ya kitambaa na uso unakuwa mmoja.

Ukubwa huo wa 90 kwa 60 unatosha watoto 40 hivi wakikaa chini kwa nusu duara, safu ya mwisho ikiwa mita 4 au 5 kutoka ubaoni. Zaidi ya hapo walio nyuma husimama, walio katikati nao husimama, na somo limekwisha. Kama kundi ni la watoto 80, gawanyeni mawili: moja likicheza jingine lisikilize, kisha mbadilishane. Seti ndogo za mezani, ambazo mtu mzima kwenye picha hazidi urefu wa sentimeta 10, zinafaa watoto 8 au 10 tu. Usidanganywe na wingi wa vipande vilivyoandikwa kwenye boksi. Kwa kundi la kawaida mtu mzima kwenye picha awe na sentimeta 20 hadi 25.

Stendi inayokuja na seti ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na watengenezaji karibu wote wanaifanyia ubahili. Miguu yake mitatu ni myembamba, na upepo kidogo tu unaiangusha mbele ya watoto, ambao hawatakumbuka kitu kingine cha siku hiyo. Ning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati ya miguu, chini kabisa. Au achana nayo, tumia kiti: ubao uegemee mgongo wa kiti, na chini uzuiwe na kamba iliyofungwa kwenye miguu. Vyovyote iwavyo, ubao usisimame wima. Kwa ubao wa kimo cha sentimeta 60, ukingo wa chini utangulie mbele ya ule wa juu kwa sentimeta 10 hadi 15. Wanaolalamika kwamba vipande vinaanguka, mara nyingi kosa lao ni hilo tu. Ukiulaza zaidi ya hapo, watoto wa pembeni wanaona mng'ao badala ya picha.

Nje, tafuta ukuta kwanza halafu ndiyo utafute kivuli. Upepo unaotoka nyuma ya ubao huuangusha, na unaopita pembeni hubandua vipande kuanzia kwenye kingo. Jua liwe mgongoni mwa watoto. Mwalimu ndiye akunje uso.

Sasa vipande. Seti nyingi kubwa za felti huuzwa zikiwa karatasi za felti zilizochapishwa bila kukatwa, na hapo ndipo wanunuzi wengi hushtuka. Seti ya vipande mia kadhaa inahitaji jioni nyingi za watu wawili wenye mikasi. Usisafiri nayo haijakatwa ukijidanganya kwamba mtakata mkifika. Mkifika kuna kufua, kupika, kujifunza lugha na kulala. Tumia mkasi mdogo wenye ncha kali, kata ukizungusha felti badala ya mkasi, na upite juu ya mstari wenyewe ili usiache ukingo mweupe. Fimbo, mkuki, mkono ulionyooshwa, chochote chembamba kuliko milimita 5, usikitenge na mwili. Acha felti iliyo katikati, hata kama haipendezi, kwa sababu vitu hivyo hung'oka kwanza. Na kabla hujakata, andika kwa kalamu ya wino usiofutika nyuma ya kila kipande namba ya somo na herufi. Ukishachanganya wavuvi wa masomo matatu kwenye mfuko mmoja hutawatenganisha tena.

Wenye bajeti ndogo hutumia picha za karatasi zilizobandikwa kitambaa nyuma. Zinafanya kazi, ila kwa masharti. Karatasi iwe nzito, ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba. Gundi nyeupe ipakwe kidogo sana kwenye kingo za kitambaa tu, maana ikipenya hadi upande wa pili vinyweleo hukauka vikawa vigumu na mshiko unapotea. Mbadala bora kuliko kitambaa ni msasa laini: vipande viwili vya sentimeta 3 kwa 3, kimoja juu, kingine chini, upande wenye mchanga ukitazama ubao. Vinashika flaneli vizuri ajabu, ingawa baada ya miezi vinaichuna. Laminesheni tusiizungumze sana: inaongeza uzito, inang'aa, na katika joto kali ncha zake hujikunja. Watu huipenda kwa sababu inaonekana ya kitaalamu.

Kuhifadhi hakuna siri kubwa. Kila somo na bahasha yake, bahasha zote ndani ya mfuko mmoja wa zipu, na vipakiti viwili vya kukausha unyevu kama vile vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Vipande vilale bapa. Kikikunjwa kinabaki na alama na hakigusi ubao vizuri. Katika maeneo ya unyevunyevu, vitoe vipate hewa kila wiki, la sivyo ukungu utaanzia kwenye felti nyeupe. Felti isifuliwe kwa mashine. Vumbi litolewe kwa selotepu: gusa na kuinua, gusa na kuinua, kisha upige brashi laini kusimamisha vinyweleo.

Yote hayo ni ya mezani. Mtihani wa flanelografu uko kwenye somo lenyewe, mkalimani akiwa pembeni, na hapa ndipo kifaa hiki kinapojilipia nafasi yake begini. Ukalimani hurefusha somo mara mbili. Hadithi ya dakika 12 inakuwa ya 24, na watoto wa miaka mitano wanakuwa wameondoka kimawazo zamani. Kwa hiyo hadithi iandikwe upya kwa dakika 7 za mwalimu, sentensi fupi, kila moja ikiwa na tendo moja. Mandhari moja isizidi vipande 8. Mpe mkalimani maandishi jana yake, mpitie pamoja majina ya watu na mahali, na maneno kama neema, toba, sadaka, ambayo mtu anayejua lugha ya sokoni huenda hana neno lake. Mkalimani akisita katikati ya hadithi, ubao wenye picha humsaidia kujua mlipofika. Projekta inayosubiri mtu abonyeze haina msaada huo.

Kosa linalorudiwa na karibu kila timu mpya ni mwalimu kubandika kipande wakati yeye mwenyewe anasema. Watoto hawamwelewi, wanaangalia kipande, wanaanza kukijadili, na mkalimani anapofungua mdomo tayari kuna kelele. Bandika wakati mkalimani anatamka. Mkono ufuate lugha ya watoto. Mwalimu asimame upande mmoja wa ubao na mkalimani upande wa pili, vipande vikiwa vimepangwa kwa zamu mkononi au ndani ya folda, cha kwanza juu. Usigeuze mgongo kutafuta. Mwenzako wa timu akae chini kwenye safu ya mbele, kazi yake iwe moja tu: kuzuia mikono. Kamba iliyolazwa ardhini mita moja na nusu kutoka ubaoni husaidia kuliko makaripio kumi.

Na marudio. Ondoa vipande vyote, vichanganye, mpe kila mtoto aliyechaguliwa kimoja, wavipange kwa mfuatano wa hadithi huku wengine wakisahihisha. Dakika 5 za zoezi hili hukuonyesha walichoelewa hata kama hujui neno moja la lugha yao. Mtoto anayeweka mvua kabla ya safina amekuambia mahali mkalimani alipoteleza. Kwa hili peke yake tungeisamehe flanelografu mengi, ikiwemo ile stendi.

Lipo lisilosameheka kirahisi: nyuso. Seti za zamani huwachora watu wa Biblia kama Wazungu wa kaskazini, macho ya bluu na nywele za dhahabu, jambo ambalo halifanani na Mashariki ya Kati wala na watoto wanaofundishwa. Matoleo mapya yamerekebisha ngozi na nywele, lakini maduka bado yanauza mabaki ya zamani kwa boksi lilelile. Omba picha ya vipande vyenyewe kabla ya kulipa. Rangi pia zikaguliwe: zilizochapishwa vibaya hupauka juani, na ya kwanza kupotea huwa nyekundu.

Wakiulizwa wangebeba nini badala yake, wengi hutaja kitabu kisicho na maneno, kile cha kurasa za rangi. Kina historia ndefu kuliko flanelografu: mhubiri Charles Spurgeon alikihubiri London mwaka 1866 kikiwa na rangi tatu, nyeusi, nyekundu na nyeupe, mwinjilisti Mmarekani Dwight L. Moody akaongeza dhahabu mwaka 1875. Na Child Evangelism Fellowship, shirika la kuwahubiria watoto Injili, ikaongeza kijani mwaka 1939. Kinaingia mfukoni na hakina cha kupotea. Kasoro yake ni kwamba rangi hazisemi jambo moja kila mahali. Ukurasa mweusi ukiitwa dhambi mbele ya watoto weusi ni kosa ambalo mwalimu makini hatalifanya. Auite ukurasa wa giza, na hata hapo aangalie anavyotafsiriwa. Nyeupe ni rangi ya msiba katika sehemu kubwa ya Asia ya Mashariki. Kinafaa kama muhtasari wa dakika tano baada ya hadithi, hakifai kubeba mwezi mzima wa masomo.

Bangili za shanga za rangi hizohizo ni nyongeza nzuri, na hapo hesabu ndiyo kila kitu. Kwa watoto 50 unahitaji shanga 250 pamoja na akiba ya 30 hivi, na uzi mita 15 ukikata sentimeta 30 kwa kila mmoja. Shanga ziwe zile pana za milimita 9 kwa 6, tundu lake linapitisha uzi bila sindano. Choma ncha za uzi wa nailoni kidogo kwa kiberiti, au uzifunge selotepu, zisichanuke. Shanga tano tano zifungwe kwenye vifuko usiku uliotangulia, kwani ukimwaga bakuli katikati ya watoto 50 utaishiwa dhahabu kabla ya safu ya pili. Walio chini ya miaka 3 wasipewe kabisa. Shanga hukaba koo.

Vikaragosi vya mdomo unaofunguka vinachekesha, lakini kikaragosi kinachotafsiriwa ni kichekesho cha bahati mbaya: mdomo unafunguka kwa lugha moja na sauti inatoka kwa lugha nyingine. Kama kuna mwalimu mwenyeji anayetaka kukishika yeye, kibebe. Kama hakuna, kiache. Parachuti la michezo la mita 3.6 lina nafasi ndogo na kazi kubwa. Linatosha watoto 12 hadi 15 kwa zamu, washike kwa mikono miwili, viganja vikitazama chini, na wale wanaokimbia katikati waitwe wawili wawili ili vichwa visigongane. Projekta ndogo za betri, zile za mwanga wa lumeni 100 au 200, ni za usiku au chumba kilichozibwa madirisha. Mchana hazionyeshi kitu.

Kabla ya kununua chochote, soma sheria ya nchi unayokwenda kuhusu watoto na dini, kwani seti yenye picha za Biblia haifichiki forodhani. Katiba ya Nepal ya 2015, ibara ya 26, inakataza kumbadilisha mtu dini, na sheria ya adhabu iliyoanza kutumika 2018 inaweka kifungo cha hadi miaka 5, kwa mgeni kikifuatiwa na kufukuzwa nchini. Tajikistan tangu 2011 inawazuia walio chini ya miaka 18 kushiriki shughuli za dini isipokuwa mazishi. Urusi tangu 2016 inamtaka anayefanya umisionari awe na hati ya kundi la dini analoliwakilisha. Nchi nyingi pia haziruhusu kufundisha dini kwa viza ya utalii. Na popote pale: watu wazima wawili kila somo, hakuna mtu kubaki na mtoto peke yake, hakuna picha ya mtoto mtandaoni bila idhini ya mzazi, na cheti cha polisi cha tabia njema kiombwe mapema, kwa sababu ndicho huchelewa.

Basi, nunua ipi? Ubao wa plastiki unaokunjwa mara moja, vitambaa viwili vya mandhari (cha nje na cha ndani ya nyumba, cha bahari ni anasa), na vipande vya masomo 12 badala ya seti kamili ya Biblia nzima. Masomo 12 yanatosha miezi mitatu ukifundisha kila wiki, na watoto hupenda hadithi irudiwe kuliko walimu wanavyodhani. Vyote visizidi kilo 2. Seti kamili ina maana kwa timu inayokaa mwaka au zaidi, yenye kabati kavu na mtu mmoja anayewajibika kuhesabu vipande kila baada ya somo kabla watoto hawajatawanyika.

Ongeza nusu mita ya flaneli, karatasi mbili za msasa laini na mkasi wa pili. Mara vipande vinapomaliza kukatwa, vilaze kwenye karatasi kubwa na uvizungushie kalamu, somo kwa somo. Ni kazi ya saa moja. Kwa michoro hiyo kipande kilichopotea kinaweza kukatwa upya kwa felti yoyote, na mwalimu mwenyeji anaweza kujitengenezea seti yake ninyi mkiwa bado hapo, akiwauliza mnachopaswa kuulizwa: kwa nini vyake vinaanguka. Angalieni kwanza mteremko wa ubao, halafu gundi.